Uhandisi wa Tishu na Maana ya "Kukuza Kiungo": Kutoka Ngozi hadi Figo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna wanasayansi wanavyojaribu kutengeneza viungo mbadala vya mwili wa binadamu kwa kutumia seli hai, na kwa nini kazi hiyo imefaulu kwa baadhi ya viungo na bado haijafaulu kwa vingine. Taaluma yenyewe huitwa uhandisi wa tishu. Mhimili wake ulielezwa kwa ufasaha mwaka 1993, Robert Langer na Joseph Vacanti walipochapisha makala yao katika jarida la Science: seli huchukuliwa kutoka kwa mgonjwa au kwa mtu mwingine, huwekwa juu ya kiunzi chenye umbo la kiungo kinachotakiwa, hulishwa na kupewa hewa, kisha kitu kizima hupandikizwa mwilini.

Maelezo hayo ni mafupi na ni ya kweli, lakini hayamwambii msomaji ni wapi kazi inakwama. Katika Kiswahili cha magazeti na redio, usemi "kiungo kilichokuzwa maabara" hutumika kwa mambo matatu yasiyofanana: seli zilizoongezwa idadi ndani ya chupa, tishu, yaani mkusanyiko wa seli zinazofanya kazi ya namna moja, na kiungo kamili chenye tishu kadhaa, mishipa ya damu na neva. Hatua ya kutoka la kwanza hadi la pili imepigwa tangu miaka ya 1980. Ya kutoka la pili hadi la tatu, kwa viungo vinene kama figo, ini na moyo, haijapigwa kwa binadamu yeyote.

Tofauti hii ina uzito nje ya maabara. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na figo hizo hutolewa na ndugu walio hai. Familia inayokaa kuamua nani miongoni mwao aingie chumba cha upasuaji inaweza kusikia kwamba huko ng'ambo figo "zinakuzwa", ikaona heri kungoja. Ili iamue kwa haki, inahitaji kujua neno hilo linabeba nini hasa.

2.0 Ngozi: mahali kazi ilipoanza kufaulu

Hadi katikati ya miaka ya 1970, seli za tabaka la juu la ngozi ya binadamu zilikuwa sugu kukuzwa. Zilipowekwa kwenye sahani ya kioo ziliishi siku chache, zikazidiwa na seli za nyuzinyuzi zinazotoka tabaka la chini, zikafa. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green, wakiwa Marekani, walichapisha njia ya kuzikuza kizazi baada ya kizazi. Siri yao ilikuwa mchanganyiko usiotarajiwa. Chini ya seli za ngozi walitandaza seli za panya zilizopigwa mionzi kiasi cha kutoweza tena kugawanyika, lakini zikiwa bado hai na zikitoa kemikali zinazohitajiwa na jirani zake. Mkulima wa mpunga atauelewa utaratibu huu bila shida: seli za panya ni udongo wa kitalu, na seli za ngozi ni miche. Si ajabu kwamba kitenzi chetu cha upasuaji, kupandikiza, ni kilekile cha kuhamisha miche kutoka kitaluni kwenda shambani.

Green alieleza baadaye kwamba kipande cha ngozi cha sentimita 3 za mraba kinaweza kupanuliwa zaidi ya mara 5,000 katika majuma matatu hadi manne, eneo linalotosha kufunika mwili wa mtu mzima. Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1983. Watoto wawili ndugu, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 6, walifikishwa hospitali ya majeruhi wa moto jijini Boston wakiwa wameungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao. Ngozi nzima iliyosalia haikutosha kuhamishwa kwenda kwenye majeraha, kwa hiyo madaktari walikata vipande vidogo kutoka makwapani, wakavikuza, wakapata utando wa kufunika nusu au zaidi ya mwili wa kila mtoto. Wote wawili waliishi, na taarifa yao ilichapishwa mwaka 1984.

Ngozi ile haikuwa kamili. Haikuwa na vinyweleo wala tezi za jasho, na mtoto asiyetoa jasho hupata taabu siku ya joto. Hata hivyo iliziba maji yasitoke na vijidudu visiingie, na kwa mtu aliyeungua kiasi hicho hayo mawili ndiyo yanayotenganisha uhai na kifo.

Hatua iliyofuata kwa uzito, kwa maoni yangu, ni ya mwaka 2015 huko Bochum, Ujerumani. Mtoto wa miaka 7, kutoka familia ya wakimbizi wa Syria, alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya tabaka la juu la ngozi lisishikamane na la chini, hivyo mguso mdogo tu huichubua. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi yake na madaktari walikuwa wamebakiwa na tiba ya kumtuliza maumivu. Michele De Luca na wenzake wa Chuo Kikuu cha Modena na Reggio Emilia, Italia, walichukua kipande chenye ukubwa wa takriban sentimita 4 za mraba, wakaingiza katika seli zake nakala sahihi ya jeni lenye hitilafu, wakazikuza na kuzirudisha Bochum zikiwa shuka za ngozi. Takriban asilimia 80 ya tabaka la juu la ngozi yake ilibadilishwa. Alirudi shuleni mwaka 2016, na matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2017.

Kazi hiyo ilifunua pia jambo ambalo wengi walilikisia bila kulithibitisha. Kwa kuwa jeni jipya huingia mahali tofauti katika kila seli, watafiti waliweza kufuatilia ukoo wa kila seli kama mtu anavyofuatilia nasaba. Waligundua kuwa ngozi yote mpya, baada ya miezi, ilikuwa inatoka kwenye idadi ndogo ya seli shina zenye maisha marefu. Seli nyingine zote zilizopandikizwa zilikuwa zimekwisha kufa na kupukutika, kama ilivyo kawaida ya ngozi. Ndiyo kusema mafanikio ya shuka zima yalitegemea kama wale wachache walikuwemo au hawakuwemo.

3.0 Umbali kati ya seli na damu

Kwa nini ngozi? Tabaka lake la juu lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na halina mshipa wa damu hata mmoja. Chakula na oksijeni hulifikia kwa kupenya polepole kutoka tabaka la chini. Jicho lina hali inayofanana: konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, haina damu, nayo hupata oksijeni yake nyingi kutoka hewani kupitia machozi. Ndiyo sababu tiba ya kwanza ya seli shina zilizokuzwa kuidhinishwa katika Umoja wa Ulaya, Februari 2015, ilikuwa ya uso wa konea iliyoungua kwa kemikali. Nayo ilitokana na kazi ya De Luca na Graziella Pellegrini.

Sheria inayotawala hapa ni ya fizikia. Oksijeni isafiri katikati ya seli bila kubebwa na damu, inaishiwa baada ya mikromita 100 hadi 200, karibu unene wa unywele mmoja au miwili, kwa sababu kila seli njiani hujitwalia fungu lake. Mwili umejijenga kwa kuitii sheria hiyo. Katika ini, moyo au figo, ni nadra seli kukaa mbali zaidi ya hapo na kapilari, ile mishipa myembamba kuliko yote. August Krogh wa Denmark, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920, ndiye aliyeonyesha jinsi kapilari za misuli zinavyofunguka na kufungwa kulingana na haja ya tishu, na hesabu zake za umbali huu bado zinatumika.

Chukua basi bonge la seli za ini lenye upana wa sentimita moja, lililokuzwa vizuri sana. Ukilipandikiza, mishipa ya mgonjwa itaanza kuchipua kuelekea ndani yake, lakini itachukua siku nyingi kufika katikati. Seli za katikati haziwezi kungoja siku. Zinakufa katika saa. Kinachobaki ni ganda hai lenye kiini kilichokufa.

Picha ya panya mwenye sikio la binadamu mgongoni, iliyosambaa dunia nzima mwaka 1997, iliwachanganya wengi juu ya jambo hili. Halikuwa sikio linalosikia, wala halikuwa na seli za binadamu. Watafiti, akiwemo ndugu wa Joseph Vacanti aitwaye Charles, waliweka seli za gegedu la ng'ombe juu ya kiunzi cha polima chenye umbo la sikio la mtoto, wakakishonea chini ya ngozi ya panya asiye na kinga kamili ya mwili. Gegedu lilichaguliwa kwa sababu iliyo wazi sasa: ni tishu isiyo na mishipa ya damu, yenye seli chache zilizozoea oksijeni haba.

4.0 Kibofu cha mkojo

Kati ya ngozi nyembamba na figo nene kuna viungo vyenye uwazi ndani. Kibofu ni mfuko wenye ukuta wa tabaka mbili za msingi, misuli nje na utando ndani. Mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake walitangaza katika jarida la Lancet kwamba walikuwa wamewapandikizia wagonjwa 7, wenye umri wa miaka 4 hadi 19, vibofu vilivyoongezwa ukuta uliotengenezwa kwa seli zao wenyewe. Wote walizaliwa na kasoro ya uti wa mgongo iliyofanya vibofu vyao viwe vidogo na vigumu, kiasi cha kuhatarisha figo. Seli zilikuzwa kwa takriban majuma saba, misuli ikapakwa nje ya kiunzi na utando ndani. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao kibofu chao kipya kilifunikwa kwa omenta, ile shela ya mafuta iliyojaa mishipa inayoning'inia mbele ya utumbo. Kwa maneno mengine, wapasuaji walikopa damu ya jirani.

Taarifa ile ilisomwa kama ushindi kamili. Kampuni iliyoichukua teknolojia hiyo, Tengion, ilifanya jaribio jingine kwa watoto 10. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha nafuu ya maana katika ujazo wala ulaini wa kibofu, na baadhi ya watoto walipata madhara makubwa. Kampuni ilifilisika mwishoni mwa mwaka huohuo. Habari za 2006 bado zinanukuliwa mara kwa mara. Za 2014 ni nadra kuzikuta zikitajwa pamoja nazo.

5.0 Trakea: bomba lililoitwa kiungo

Kisa cha trakea, yaani bomba la hewa liendalo mapafuni, kinastahili nafasi kubwa zaidi, maana ndipo maneno yalipowatangulia watu hadi kaburini.

Kwa macho, trakea ni bomba tu, sentimita kumi na kitu za urefu. Kwa mpasuaji ni kitendawili. Haina mshipa mmoja mkubwa unaoweza kukatwa na kuunganishwa upya. Hulishwa na vijishipa vingi vidogo vinavyotoka kwa majirani zake. Ndani yake kuna utando wenye vinyweleo hai vinavyofagia makohozi kwenda juu mchana na usiku. Tena, tofauti na kibofu, iko wazi kwa hewa ya nje na vijidudu vyake vyote.

Juni 2008, huko Barcelona, timu iliyomjumuisha Paolo Macchiarini ilimpandikizia mwanamke mmoja sehemu ya njia ya hewa iliyotoka kwa marehemu. Ilikuwa imeoshwa seli zote za mwenyewe na kuwekewa seli za mgonjwa. Ilitangazwa kama mwanzo wa zama mpya. Juni 2011, Macchiarini akiwa amehamia Hospitali ya Karolinska nchini Sweden, alikwenda mbali zaidi: bomba lote lilikuwa la plastiki. Mgonjwa alikuwa Mwafrika wa pembe yetu hii, raia wa Eritrea aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili nchini Iceland, mwenye uvimbe uliokuwa unaziba pumzi yake. Bomba lilimwagiwa seli kutoka uboho wake katika chombo cha kuzungusha kwa saa 36, kisha likashonewa kifuani. Dunia iliambiwa kwamba mtu wa kwanza amepokea trakea iliyokuzwa maabara.

Hebu tupime dai hilo kwa mizani ya sehemu ya 3.0. Saa 36 hazitoshi seli kujenga ukuta, achilia mbali mishipa. Bomba lenyewe halikuwa na njia yoyote ya kupitisha damu. Seli za uboho zilizomwagwa juu yake hazikuwa utando wa njia ya hewa, na hapakuwa na ushahidi kwamba zingegeuka kuwa utando huo. Kilichoshonewa kifuani kilikuwa plastiki yenye unyevu wa seli. Mwili ulikitendea kama unavyokitendea kitu kigeni kilicho wazi kwa vijidudu: maungio yakaachia, nyama ya kovu ikaziba njia, maambukizi yakarudi tena na tena. Kijana yule alifariki Januari 2014. Wagonjwa watatu walipandikizwa mabomba ya plastiki pale Karolinska, na wote watatu wamekufa, wa mwisho mwaka 2017 baada ya miaka mingi ya upasuaji.

Mwaka 2014 madaktari wanne wa hospitali hiyohiyo, Karl-Henrik Grinnemo, Matthias Corbascio, Thomas Fux na Oscar Simonson, waliyasoma majalada ya wagonjwa wakayalinganisha na makala zilizochapishwa, wakaona havipatani. Walilalamika kwa uongozi. Mchunguzi wa nje, Bengt Gerdin, alikubaliana nao mwaka 2015. Mkuu wa taasisi akamsafisha Macchiarini hata hivyo. Ilibidi filamu ya televisheni ya taifa ya Sweden ya Januari 2016 iamshe umma ndipo mkuu huyo akajiuzulu na Macchiarini akafukuzwa kazi. Juni 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kuwadhuru wagonjwa hao watatu. Lancet ilikuwa imefuta makala mbili mwaka 2018. Oktoba 2023 iliifuta na ile ya Barcelona.

Wengi wamekichambua kisa hiki kama cha mtu mmoja mwenye hila. Mimi naona kuna sehemu yake iliyo ya lugha. Katika fomu ya ridhaa na katika vyombo vya habari, bomba liliitwa kiungo, na kumwagia kukaitwa kukuza. Mgonjwa aliyeelezwa kuwa atawekewa bomba la plastiki ambalo halijajaribiwa vya kutosha kwa wanyama angeuliza maswali tofauti na yule aliyeelezwa kuwa anapokea trakea yake mwenyewe, iliyooteshwa kutokana na seli zake. Kiswahili kina uwezo wa kuzitenga hatua hizi bila kukopa neno: kupaka au kumwagia seli juu ya kiunzi ni jambo moja, seli kushika ni la pili, tishu kuota ni la tatu, na kiungo kufanya kazi ni la nne. Mtafsiri wa fomu ya hospitali anayeandika "kukuza" kwa yote manne amechukua uamuzi wa kitabibu bila kujua.

6.0 Viunzi vilivyoazimwa na safari ya figo

Ikiwa kizuizi ni mishipa ya damu, kwa nini tusiazime mishipa iliyokwisha kujengwa? Wazo hili lilitekelezwa na Harald Ott na Doris Taylor katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wakachapisha mwaka 2008. Walipitisha sabuni katika mishipa ya moyo wa panya uliokufa hadi seli zote zikayeyuka. Kilichobaki ni moyo mweupe unaopenya mwanga, ulioundwa na kolajeni na protini nyingine, mishipa yake ikiwa mahali pake hadi ile midogo. Walipoingiza seli za vichanga vya panya, katika siku ya nane ulikuwa unapiga, kwa nguvu ya takriban asilimia 2 ya moyo wa panya mzima.

Mwaka 2013 Ott na wenzake, sasa wakiwa Hospitali Kuu ya Massachusetts, walifanya hivyo kwa figo ya panya. Seli za kuta za mishipa zilipitishwa kwenye ateri, na seli za figo kwenye njia ya mkojo. Figo ile ilipoungwa ndani ya panya hai ilitoa mkojo, ingawa mchache na hafifu. Ugumu ni kurudisha kila seli mahali pake. Figo moja ya binadamu ina takriban vichujio milioni moja, na zaidi ya aina 20 za seli zilizopangwa kwa mfuatano usiobadilika. Figo mbili kwa pamoja huchuja takriban lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote mwilini. Pia ukuta wa kila kapilari lazima uvikwe seli bila kuacha pengo, kwa sababu damu ikigusa kolajeni tupu huganda papo hapo. Panya anaweza kuvumilia saa chache za majaribio. Mgonjwa anahitaji miaka.

Bidhaa iliyotangulia kufika hospitalini ni ya chini zaidi ya ndoto hizo, na pengine ndiyo maana imefika. Laura Niklason na wenzake walikuza seli za misuli ya mishipa, zilizotoka kwa marehemu, juu ya neli ya polima inayosukumwasukumwa kama mapigo ya moyo. Kwa takriban majuma manane seli hujenga ukuta wa kolajeni, na polima huyeyuka. Kisha seli zote huoshwa zikaondoka. Mshipa huo wenye kipenyo cha milimita 6 hauna seli ya mtu, hivyo kinga ya mwili haina cha kuukataa, na unaweza kuhifadhiwa ukingoja mgonjwa yeyote. Baada ya kupandikizwa, seli za mgonjwa mwenyewe huingia na kuukalia. Umetumika kwa majeruhi wa vita nchini Ukraine, na Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuidhinisha kwa majeraha ya ateri za mikono na miguu.

Mshipa huohuo umejaribiwa pia kwa wagonjwa wa figo, kama njia ya kuunganisha mkono na mashine ya kusafisha damu. Iwapo familia niliyoitaja katika utangulizi itauliza ni nini kutoka maabara hizi kinachoweza kuwafikia kwanza, jibu la kweli ni kitu cha namna hiyo, chenye kusaidia mashine ifanye kazi vizuri zaidi wakati ndugu akipimwa kama figo yake inafaa. Hadi ninapoandika, hakuna binadamu anayeishi kwa figo iliyooteshwa.